Mwalimu Abadir na Wanyama Waliokatazwa

Baba Bisanti na makasisi wote, wafiwa wenzetu, majirani wa mtaa huu wa wazoa taka chini ya Mlima Mokattam, nanyi mliosafiri kutoka Shubra na kutoka Asyut, poleni kwa msiba, na ahsanteni kwa kuja. Familia ya Sidhom Wahba imemkabidhi karatasi hizi Ratib, mdogo wake marehemu, azisome mbele yenu, si kwa sababu ni msomaji hodari, mnamjua, bali kwa sababu ndiye aliyebaki katika watoto wa tumbo lile, na kwa sababu humu ndani mna jambo ambalo lazima litoke kinywani mwake na si mwa mtu mwingine. Mtamvumilia akikwama.

Marehemu Mwalimu Abadir Sidhom Wahba alizaliwa tarehe 14 Februari 1951, siku ya saba ya mwezi Amshiri kwa hesabu ya kanisa, katika kijiji kimoja cha upande wa Badari, mkoa wa Asyut, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Sidhom na Mama Rifqa, ambao walijaliwa watoto wanne, wawili wakaenda wangali wachanga, wakabaki Abadir, na Ratib aliyemfuata baada ya miaka sita. Mama yetu alikuwa akisema kwamba mtoto aliyezaliwa na pepo za Amshiri haambiliki, ukimsukuma huku anakwenda kule, na alisema hivyo akicheka, kwa kuwa wakati ule ukaidi wa Abadir ulikuwa wa kukataa kunyoa nywele na kukataa kunywa maziwa ya mbuzi, mambo ambayo hayamuumizi mtu.

Mwaka 1958, shamba la kukodi lilipowashinda wazazi, familia ilihamia Kairo, ikakaa kwenye vibanda vya mabati Imbaba, na mwaka 1970 wazoa taka walipoondolewa kule, ikahamia hapa tulipo, wakati hapa palikuwa na mawe na nge tu. Marehemu alisoma shule ya kanisa Imbaba kuanzia mwaka 1959 hadi 1963, akaishia darasa la nne, kwa sababu baba alihitaji mtu wa kumshika punda na kulinda mkokoteni wakati yeye anapanda ngazi za majumba ya watu na kikapu mgongoni. Elimu nyingine yote aliipata humo humo ndani ya taka, akisoma magazeti yaliyofungiwa samaki, vitabu vya shule vilivyochanwa, barua za mapenzi za watu wasiojulikana, na kuna wakati alimsomea Ratib nusu ya hadithi kwa mwaka mzima, nusu ya pili haikutupwa kamwe.

Kuanzia mwaka 1973 alikuwa akienda kila jioni kwa mwimbishaji kipofu wa kanisa letu, akamsomea kwa sauti maandiko ya mababa wa kale wa Iskandaria, mzee akimsahihisha matamshi kwa kumpiga kidole gotini, na tarehe 1 Juni 1975, siku ya Jumapili, akawekwa kuwa shemasi msomaji. Ni katika maandiko hayo ndipo alipokutana na jambo lililomfanya awe yule mliyemjua, yaani maneno ya mababa kwamba Musa, alipoandika katika Walawi juu ya wanyama safi na wanyama najisi, hakuwa anasumbuka na vyungu vya watu, alikuwa anasema juu ya mioyo yao.

Hamhitaji kuelezwa hilo lilimaanisha nini kwetu, lakini watoto wenu huenda hawajui. Sisi tuliishi kwa nguruwe, tukawalisha mabaki ya mji mzima, na mji mzima ukatuzibia pua, na mlinzi wa jumba moja kule Masr el-Gedida alimwambia marehemu, aliyekuwa na kiu ya mwezi Julai, mbele ya watu, "Usiguse mtungi, mtu wa nguruwe wewe, kanywe na punda wako." Hata Wakristo wenzetu wa mitaa ya wenye nafasi waliposoma Walawi kanisani waligeuza shingo kututazama, na watoto wetu wakainamisha vichwa.

Tarehe 10 Machi 1978, Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima, marehemu akafungua darasa lake nyuma ya kanisa, ubao mmoja, chaki zilizookotwa, akachora nguruwe mwenye mkia wa mviringo, akawauliza watoto, "Nguruwe ni nani?" na akawafundisha kujibu kwa pamoja, "Ni mtu anayemsahau Bwana wake akishiba, na kumlilia akipata njaa!" Akachora kunguru na kipanga, nao ni wale wasiotoa jasho, wanaokaa juu wakingoja nyama ya wenzao, akachora samaki asiye na mapezi wala magamba, naye ni yule aliyezoea tope la chini hata hataki tena kuelea, na mwisho akachora ng'ombe, anayecheua, maana yake anarudiarudia neno la Mungu kinywani, mwenye kwato zilizopasuka, maana yake mguu unatembea katika dunia hii na moyo unaingoja ile nyingine. "Kwa hiyo," alikuwa akiwaambia, "nguruwe wa baba yako hana kosa, mwanangu, anakula alivyoumbwa. Musa alikuwa anakuchungulia wewe." Watoto walitoka pale vichwa juu, na mzee mmoja aliyekuwa akipita na mkokoteni alisimama dirishani akalia, akasema miaka hamsini amekuwa akiomba msamaha kwa kazi yake, kumbe hakuna aliyemdai. Ratib anawaambia, wema ule ulikuwa wa kweli. Yaliyokuja baadaye hayaufuti, na wema ule nao hauyafuti yaliyokuja baadaye.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na Shafika Labib tarehe 12 Novemba 1978, wakajaliwa watoto wawili, Irini, aliyezaliwa mwaka 1981 na ambaye sasa ameolewa Shubra, na Wasfi, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1984, ambaye jina lake familia iliacha kulitaja mezani kwa muda wa miaka karibu kumi, na leo litatajwa.

Kazi yake ilikuwa hii yetu, aliamka saa tisa usiku, akazoa taka za ngazi kumi na moja za majumba, akarudi, wakachambua yeye na Shafika, karatasi huku, plastiki huku, chakula kwa nguruwe, na zizi lake lilikuwa safi kuliko nyumba za wengine, mkasirike mkitaka. Lakini Ijumaa alikuwa Mwalimu, na ualimu ulianza kumpanda kichwani taratibu. Mababa walisema, usiambatane na mtu aliye kama kunguru, naye akajiuliza, kuambatana ni nini kama si kula pamoja? Mwaka 1986 jirani mmoja alikamatwa ameiba magunia ya plastiki ya mjane, na alipokuja jioni kuketi kwetu kama kawaida, marehemu aliichukua sahani ya huyo jirani pale kwenye meza ya chini, akaipindua kifudifudi, akaendelea kula. Basi. Hakumtukana, hakumfukuza. Watu walicheka, na vijana wakawa wanataniana njiani, "Angalia, Mwalimu atakufanya kipanga!" na Shafika, aliyekuwa na ulimi mwepesi na moyo mpana, akamwambia, "Baba Wasfi, ukiendelea hivi tutabaki tunakula na paka, na paka naye ana mapungufu yake." Alicheka yeye pia. Lakini sahani haikuinuliwa, na mwaka hadi mwaka zikaongezeka, huyu kwa ulevi, yule kwa kumpiga mama yake, mwingine kwa kutoa ushahidi wa uongo, na kwa kuwa wengi walikuwa kweli na makosa, hakuna aliyesimama kumwambia kwamba Musa alikataza nyama tu, hakumkataza mtu ndugu yake.

Sasa tunafika mwaka 2009. Mnaujua, mnao katika miili yenu. Mwezi Aprili ikatoka amri kwamba nguruwe wote nchini wauawe kwa ajili ya yale mafua yaliyopewa jina lao, nasi tukasimama barabarani na mikono mitupu, wengine wakarusha mawe, wengine wakalala mbele ya malori, na haikusaidia kitu. Tarehe 16 Mei, siku ya Jumamosi, wakaja kwenye zizi la marehemu, wakachukua nguruwe arobaini na watatu, wakubwa na wadogo, na kelele zao Shafika alizisikia masikioni mpaka anakufa. Na aliyekaa kwenye usukani wa lori lile alikuwa Wasfi, mtoto wake wa kumzaa, ambaye mke wake Hilana alikuwa na mimba ya miezi saba, na ambaye mkandarasi alimwajiri siku nne kabla, kwa sababu ana leseni na anazijua njia za mtaa.

Jioni ile ile Wasfi alikuja nyumbani, amenawa, amebadilisha shati, akaketi mahali pake, na baba yake akanyoosha mkono akaipindua sahani. Wasfi akasema, "Baba, wangechukuliwa tu, niendeshe mimi au aendeshe mwingine. Nisikilize kwanza, nina neno la kukuambia." Marehemu akasema, "Kunguru hana neno, ana sauti tu." Shafika alimshika mume wake mkono, akasema, "Huyu ni mwanao, si mchoro wa ubaoni!" Marehemu akautoa mkono wake polepole, akamega mkate, na Wasfi akakaa dakika nzima akiitazama ile sahani, halafu akainuka akatoka, na tangu siku hiyo hawakula tena pamoja.

Jambo ambalo Ratib analo ni hili. Neno ambalo Wasfi alitaka kulisema jioni ile lilikuwa kwamba katika wale nguruwe arobaini na watatu, waliofika kwenye shimo la jangwani walikuwa arobaini na mmoja. Njiani alisimamisha lori kwa rafiki yake mwenye shamba, akashusha jike mmoja na dume mmoja, wachanga wote, akawaficha chini ya maturubai, na ndiyo sababu aliikubali kazi ile ambayo kila mtu aliikataa. Angegundulika angefungwa. Mwezi Januari 2010, ukaguzi ulipolegea, alimleta yule jike kwa Ratib, ana mimba tayari, akasema, "Baba mdogo, mpelekee. Mwambie umemnunua kule Khanka. Akijua ametoka kwangu atamfukuza, na mama atakufa njaa." Ratib akafanya hivyo. Marehemu alipomwona yule mnyama akishuka kwenye mkokoteni alipiga magoti kwenye matope, akambusu Ratib mikono yote miwili, akasema, "Umenirudishia nyumba yangu, ndugu yangu," na Ratib alilipokea lile busu, akanyamaza, na akaendelea kulipokea kila Krismasi kwa miaka tisa. Zizi lote mnalolijua leo limetoka kwa jike yule.

Wasfi alihama na Hilana, wakaenda Safaga, mbali kwenye Bahari ya Shamu, akaendesha malori ya mawe, wakazaa watoto wawili ambao babu yao hakuwahi kuwaona. Tarehe 11 Machi 2014 Shafika alifariki, ndani ya Kwaresima, na Ratib akampigia Wasfi simu, akamwambia njoo, baba yako amelainika, naapa kwa Bikira. Hakuwa amelainika. Ratib alidhani msiba utafanya kazi ambayo yeye aliogopa kuifanya. Wasfi alikuja akambeba mama yake begani, akarudi nyumbani na waombolezaji, dengu za msiba zilizoletwa na majirani zikapakuliwa, na mbele ya wote, mbele ya shangazi na wakwe, sahani moja ilikuwa imepinduliwa. Wasfi alikula amesimama nje kwa jirani, akaondoka kabla ya sala ya siku ya tatu. Wengi wenu mlikuwepo. Mlitazama sahani zenu, na Ratib naye alitazama yake.

Mwezi Oktoba 2018 macho ya marehemu yalianza kuwa ya manjano na tumbo kujaa maji, na tarehe 23 daktari akasema ni ini, limeliwa na ugonjwa aliokaa nao miaka mingi bila kuujua, pengine kutokana na sindano zilizomchoma wakati wa kuchambua. Alilazwa, akatoka, akalazwa tena baada ya Krismasi, na hakutoka. Pale kitandani ualimu ulimtoka kama jasho. Usiku alitaja majina. Siku moja akamwambia Ratib, "Niliowapindulia sahani ni kumi na wanne, nimewahesabu. Kumi wamekufa. Nitawaomba radhi wapi, Ratib?" Akalia kwa sauti, mwanamume aliyezika wazazi na mke bila kutoa sauti, akashika vyuma vya kitanda, mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageukia ukutani. Jina la kumi na nne hakulitaja, na Ratib alikaa pale na ukweli mfukoni, Januari nzima na nusu ya Februari, akijiambia kesho, kwa sababu alijua akiusema atalipoteza lile busu la mikono. Ni sababu ndogo hivyo. Hakuna nyingine kubwa.

Jumatatu tarehe 18 Februari, siku ya kwanza ya Mfungo wa Yona, daktari alimwita Ratib pembeni akamwambia siku zimebaki chache, na ndipo Ratib alipoingia akasema, "Kaka, yule jike sikumnunua Khanka. Wasfi ndiye aliyemficha. Ndilo neno alilotaka kukuambia."

Marehemu aligeuza kichwa, akamtazama Ratib. Kisha akauliza, "Miaka tisa?"

"Tisa."

"Nimekula mkononi mwake miaka tisa, na wewe unanitazama?"

"Ungemfukuza yule mnyama, kaka."

"Ningemfukuza," akasema marehemu, "na bado ulitakiwa kuniambia." Akafumba macho. "Musa alikuwa na huruma kuliko mimi. Yeye aliondoa nyama mezani. Mimi nimeondoa mtoto." Halafu akafumbua, akasema kwa ile sauti ya darasani, "Mwite. Sitatia kitu kinywani mpaka aketi hapa tule wote. Na usimwambie mtu kwa nini. Aibu hii niachie mwenyewe."

Na hapa, ndugu zetu, ndipo tulipokosea kosa ambalo ni sisi tu tungeweza kulikosea. Kwa kuwa ilikuwa Yona, kila aliyemwona hataki kula alisema anafunga. Muuguzi alipoleta mchuzi akaurudisha, mama mmoja aliyekuja kumwangalia mgonjwa wa kitanda cha pili akamweleza muuguzi, "Mwache, binti yangu, huu ni mfungo wetu wa siku tatu, mzee ni shemasi." Habari ikafika mtaani kwamba Mwalimu anafunga hata kitandani, wanafunzi wake wa zamani wakaja kupata baraka, mkamsifu, mkampiga picha, na hakuna aliyemwekea kijiko mdomoni. Baba Bisanti alikuja Jumanne akamwambia mgonjwa hafungi, kanisa limemruhusu, naye akatikisa kichwa tu, na Baba akaheshimu. Usijilaumu, Baba. Aliyejua alikuwa mmoja, amesimama miguuni pa kitanda, amezoea kunyamaza.

Simu kwa Wasfi, Ratib alikuwa ameipiga Jumatatu ile ile. Wasfi akauliza, "Ameniita yeye, au umeniita wewe?"

"Yeye, mwanangu. Naapa kwa Bikira."

"Uliapa hivyo hivyo siku ya mama," akasema Wasfi, akakata, na Jumanne kutwa hakupokea. Hakuwa na kosa. Mtu akishaumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Jumatano alasiri Irini alifika kutoka Shubra, akamwona baba yake midomo imepasuka, akamkabili Ratib, "Baba mdogo, hii si Yona. Nyie mnanificha nini?" Akaambiwa. Hakupiga kelele, alimtazama tu Ratib kwa namna ambayo bado anaiona, akapika maharage kwenye jiko la wauguzi, akayaweka kando ya kitanda na mkate, kisha akapiga namba ya kaka yake kwa simu yake mwenyewe, akaishikilia mdomoni mwa baba yao. Marehemu alikuwa amebakiwa na sauti kidogo sana. Akasema, "Wasfi, njoo tule. Nina njaa." Nyinyi mliokaa kwenye darasa lile mnajua ni mnyama gani anayelia hivyo, na yeye alijua vizuri kuliko nyinyi. Upande wa pili ikasikika sauti, "Nakuja, baba. Kula kidogo kwanza. Nakuja." Marehemu akasema, "Nakungoja."

Irini alimsihi usiku kucha, kijiko kimoja tu, baba, anakuja, yuko njiani. Hakukubali. Wasfi aliondoka Safaga na lori tupu la kazini, hakuomba ruhusa ya mtu. Na marehemu Mwalimu Abadir Sidhom Wahba aliaga dunia Alhamisi, tarehe 21 Februari 2019, saa moja na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minane na siku saba, wakati jamaa za wagonjwa wengine ukumbini walikuwa wakifungua kinywa kwa mayai na jibini, kwa kuwa Yona ilikuwa imekwisha.

Wasfi aliingia saa tatu na robo. Ratib alikuwa mlangoni, akataka kusema, Wasfi akampita. Muuguzi alikuwa ameanza kukusanya vitu, ameishika sahani ya maharage yaliyolala, na Wasfi akamwambia, "Iache, dada, nimealikwa." Akavuta kiti. Akaumega mkate vipande viwili, kimoja akakiweka katika kiganja cha baba yake, akavifunga vidole juu yake, kingine akakila na yale maharage baridi, polepole, mpaka sahani ikaisha, machozi yanaingia humo humo, na sisi tumesimama, hakuna aliyemwambia harakisha wala acha. Alipomaliza ndipo akamfunga baba yake macho.

Marehemu ameacha watoto wawili na wajukuu watano, na wawili kati ya hao wanamwona leo kwa mara ya kwanza, wako pale mbele na mama yao Hilana.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia tangu Oktoba, na hasa yule binti wa zamu ya asubuhi aliyeirudisha sahani mahali pake bila kuuliza swali. Inawashukuru majirani, waliomzolea ngazi zake kumi na moja kwa miezi minne na kuwalisha wanyama wake, inawashukuru wazoa taka wenzake waliosimamisha kazi leo, inamshukuru Baba Bisanti na kanisa, na wanafunzi wote wa darasa la Ijumaa. Wale wanne waliobaki hai katika hesabu ya kumi na wanne, tunajua wawili mko hapa uani, hamkuthubutu kuingia. Ingieni. Chakula cha msiba kimeletwa, na hatutaanza mpaka mketi.

Na wewe Wasfi, familia haina shukrani inayokutosha. Huyu anayesoma hana uso wa kukuomba msamaha, lakini anakuomba, hapa, mbele ya jeneza na mbele ya watu, kwa kuwa mambo ya siri ndiyo yaliyotufikisha hapa. Usipomsamehe, atakuwa amekuelewa.

Kaka Abadir, umeondoka na njaa, na aliyekucheleweshea chakula ni mimi. Pumzika, kaka, pumzika kwa amani.